Kuku wa Ohio, Mtoto wa Houston: Jinsi Ishara za Kinga Zilivyojulikana

Mtu akichomwa na mwiba unyayoni na jeraha likatunga usaha, haipiti siku nyingi kabla hajaota mtoki kinenani. Bibi zetu walilijua hilo: mtoto akilalamika kinena kinamuuma, humwambia kwanza anyanyue mguu wautazame unyayo. Lakini kwa nini jeraha la unyayo livimbishe kinena? Hata madaktari hawakuwa na jibu kamili hadi nusu ya pili ya karne ya 20. Tezi za limfu, bandama, uloto ulio ndani ya mifupa, na thaimasi, ile tezi iliyojificha nyuma ya mfupa wa kidari, vyote vilikuwa vimeshachorwa na kupewa majina na wataalamu wa anatomia tangu zamani. Kazi yake kamili ndiyo haikujulikana.

Leo tunajua kwamba humo ndimo seli nyeupe za damu zinamozaliwa, zinamokomaa na zinamokutana. Tunajua pia kwamba mambo yote hayo huendeshwa na protini ndogo sana ziitwazo saitokini. Seli moja huitoa saitokini, nyingine yenye kipokezi chake huinasa, na tangu hapo mwenendo wa ile ya pili hubadilika: inagawanyika, inahama, inakomaa au inakufa. Historia ya kuzijua protini hizi ina jambo moja linalonigusa kila ninapoisoma. Karibu kila kiungo na kila ishara ilifahamika siku ilipokosekana, na mara nyingi aliyekosa ndiye aliyelipa gharama ya elimu tuliyonayo.

Tuanze na kuku. Hieronymus Fabricius, mwalimu wa anatomia mjini Padua, alikieleza kifuko kidogo kilicho juu ya njia ya haja ya ndege, katika kitabu kilichotoka mwaka 1621, yeye mwenyewe akiwa ameshafariki. Kifaranga anacho kikubwa. Kuku akikomaa hunywea hadi kikatoweka. Kwa zaidi ya miaka 300 hakuna aliyejua kinafanya nini. Mwanzoni mwa miaka ya 1950, katika Chuo Kikuu cha Jimbo la Ohio, mwanafunzi mmoja aitwaye Bruce Glick alimwona profesa wake akikitoa kifuko hicho kwa bata bukini, akauliza kina kazi gani. Profesa akamjibu kwamba swali ni zuri, akalitafute jibu mwenyewe. Glick akaanza kuvitoa vifuko vya vifaranga, akawalea na kuwapima, asione tofauti ya maana kati yao na wenzao.

Jibu lilikuja kwa mlango mwingine kabisa. Mwanafunzi mwenzake, Timothy Chang, alitaka kuwaonyesha wanafunzi darasani jinsi kuku anavyotengeneza kingamwili akidungwa bakteria wa salmonela. Alikuwa hana kuku. Akamwomba Glick, naye akampa wale aliokuwa nao, waliotolewa vifuko na wasiotolewa wakiwa wamechanganyika. Chang akawadunga. Baadhi wakafa, na kati ya waliobaki wapo ambao damu yao haikuwa na kingamwili hata kidogo. Somo likaharibika. Wawili hao wangeweza kulaumu dawa au sindano, wakaliacha jambo lilale. Badala yake walirudi kwenye kumbukumbu za kila kuku, wakakuta kwamba walioshindwa ni wale waliotolewa kifuko wakiwa wachanga.

Waliandika makala, wakaipeleka kwenye jarida kubwa la Science, ikarudishwa. Mwaka 1956 ikachapishwa katika Poultry Science, jarida la mambo ya kuku, ambalo wataalamu wa kinga ya binadamu hawakuwa na mazoea ya kulifungua. Ilikaa humo miaka kadhaa. Ndiyo maana nawasihi wanafunzi wa sayansi wasiidharau karatasi kwa sababu ya mahali ilipochapishwa: seli B, zinazotengeneza kingamwili za kila mmoja wetu, zimepata herufi yao kutokana na jina la kifuko hicho, bursa. Sisi binadamu hatuna kifuko. Kazi yake kwetu hufanywa na uloto.

Thaimasi ilikuwa na historia ya kuumiza zaidi. Katika mtoto mchanga ni kubwa, kisha husinyaa kadiri mtu anavyokua. Mwanzoni mwa karne ya 20 maiti zilizopasuliwa na wataalamu zilikuwa aghalabu za maskini waliokufa baada ya kuugua kwa muda mrefu, na maradhi na njaa huisinyaza thaimasi haraka. Hivyo madaktari walipomkuta mtoto mwenye afya aliyefariki ghafla usingizini, waliiona thaimasi yake ya kawaida kuwa imevimba, wakasema imemkaba. Watoto wengi nchini Marekani wakapigwa mionzi kifuani ili tezi hiyo inywee. Miaka baadaye miongoni mwao wakaonekana wenye saratani ya tezi ya shingo kuliko ilivyo kawaida. Hawakuwa na ugonjwa wowote wa thaimasi. Kosa lilianza kwa kuichukua miili ya wenye dhiki kuwa kipimo cha watu wote, na kosa la namna hiyo halijaisha katika tiba mpaka leo.

Aliyeisafishia jina thaimasi ni Jacques Miller, mzaliwa wa Nice, Ufaransa, aliyekulia Shanghai na Australia. Mwishoni mwa miaka ya 1950 alikuwa London akifuatilia saratani ya damu kwa panya wadogo wa maabara. Ugonjwa huo huanzia kwenye thaimasi, kwa hiyo akawa anaitoa. Panya mzima akitolewa tezi hiyo haonyeshi dosari yoyote ya kuonekana, na ndiyo sababu wengi waliiona haina kazi. Miller alilazimika kuwapasua panya waliozaliwa punde, viumbe wenye ukubwa wa ncha ya kidole. Walikua vizuri hadi walipoachishwa kunyonya, kisha wengi wakakonda, wakaharisha, wakafa. Alipowatazama kwa hadubini, damu na tezi zao za limfu zilikuwa na upungufu mkubwa wa limfositi, aina ya seli nyeupe za damu. Akawapandikiza ngozi ya panya wa ukoo mwingine, hata ya panya wakubwa ambao ni jamii tofauti kabisa. Kwa kawaida kipandikizi kama hicho hukauka na kudondoka katika siku chache. Kwa panya hawa kilishika, kikaota manyoya ya rangi ngeni mgongoni mwao.

Miller alitoa habari hiyo katika The Lancet mwaka 1961. Wakubwa wa fani hawakukubali upesi. Peter Medawar, aliyekuwa amepata Tuzo ya Nobel mwaka uliotangulia, alikuwa bado akisema mwaka 1963 kwamba kuwapo kwa limfositi ndani ya thaimasi huenda kukaja kuonekana kuwa ni ajali tu ya mageuzi ya viumbe. Alikosea. Mwaka 1965 Max Cooper na Robert Good wa Chuo Kikuu cha Minnesota waliwarudia kuku, wakaonyesha kwamba kuna majeshi mawili: la kifuko, linalotoa kingamwili, na la thaimasi, linalokataa ngozi ngeni na kupambana na seli zilizoingiliwa na virusi. Hizo za pili ndizo seli T. Cooper na Miller walipewa Tuzo ya Lasker mwaka 2019, nusu karne na zaidi baadaye. Nobel hawajapewa, na kwa maoni yangu hilo ni deni.

Huko Oxford, James Gowans alikuwa amekwisha kuonyesha kwamba limfositi hazikai mahali pamoja. Alichuruza limfu kutoka kwenye mshipa mkuu wa kifuani wa panya mkubwa. Baada ya siku chache limfositi zikapungua sana. Alipozirudisha kwenye damu, zilionekana tena katika limfu. Zinazunguka: kutoka kwenye damu zinaingia ndani ya tezi, zinatoka na limfu, zinarudi kwenye damu. Sasa viungo vilikuwa vimejulikana na wakazi wake wamejulikana. Kilichobaki ni kujua zinasemezana vipi.

Ishara ya kwanza ilikamatwa Mill Hill, kaskazini mwa London, na Alick Isaacs, mtaalamu wa virusi, pamoja na Jean Lindenmann, kijana aliyetoka Zurich. Walichukua utando unaomzunguka kifaranga ndani ya yai, wakauweka katika mirija ya kioo pamoja na virusi vya mafua vilivyouliwa kwa joto. Kisha wakautoa utando na kuchukua yale maji tu, wakayatia kwenye utando mpya. Virusi hai vilipoletwa havikuweza kuzaana. Ndani ya maji yale kulikuwa na kitu ambacho si virusi wala si kingamwili, kilichotolewa na seli zilizoshambuliwa kikazionya zile ambazo hazijafikiwa. Mbiu ya mgambo ikilia kuna jambo, na hii ndiyo iliyokuwa mbiu yenyewe. Wakaiita intaferoni, wakaitangaza mwaka 1957. Yafaa kukumbuka kwamba mjini Tokyo Yasuichi Nagano na Yasuhiko Kojima walikuwa wameeleza kitu kama hicho mwaka 1954, lakini waliandika kwa Kifaransa na wachache wakawasoma.

Isaacs alidhihakiwa. Wapo waliosema alichokiona ni tafsiri mbaya ya majaribio, kwa kuwa kila aliyejaribu kuisafisha intaferoni aliambulia kiasi kidogo mno. Alifariki mwaka 1967 akiwa na umri wa miaka 45, kabla mtu yeyote hajaishika intaferoni safi mkononi. Kwa miaka mingi chanzo kikubwa cha ile iliyotumika hospitalini kilikuwa Helsinki, ambako Kari Cantell aliitoa kwenye seli nyeupe za damu iliyotolewa na wachangiaji wa Finland. Mwaka 1980 ndipo jeni zake zilipowekwa ndani ya bakteria, na maji ya bakteria yakatoa katika siku chache kile ambacho zamani kilihitaji damu ya maelfu ya watu.

Wakati Isaacs akihangaika London, Kampala ilikuwa ikiandika ukurasa wake. Denis Burkitt, daktari wa upasuaji kutoka Ireland ya Kaskazini aliyefanya kazi Mulago, alikuwa akiletewa watoto wenye uvimbe wa taya uliokua kwa kasi ya kutisha. Aliueleza mwaka 1958: ni saratani ya limfositi. Alipokwenda London mwaka 1961 kutoa mhadhara, kijana Anthony Epstein alikuwapo akisikiliza, akakata shauri palepale kwamba kuna virusi ndani yake. Vipande vya uvimbe vikaanza kusafirishwa kwa ndege kutoka Uganda. Kwa miaka miwili hakupata kitu. Desemba 1963 ndege iliyobeba kipande kimoja ilizuiwa na ukungu, ikaenda kutua Manchester. Kipande kilipofika hatimaye, maji yake yalikuwa yamechafuka, mtu angedhani bakteria wameingia. Epstein hakuyamwaga. Aliyatazama kwa hadubini, akaona seli zilizo hai zikielea. Zikaoteshwa, na mapema mwaka 1964 virusi vikaonekana ndani yake, vile ambavyo leo vinaitwa virusi vya Epstein-Barr. Dunia nzima inavijua sasa kwa sababu ya watoto wa Mulago. Vitarudi tena katika habari hii.

Katika miaka ya 1960 na 1970 kila maabara ilikuwa na maji yake ya ajabu: seli T zikichokozwa, maji zilimooteshwa yanazuia seli nyingine zisihame, au yanaua, au yanakuza. Kila mtu akatoa jina. Vurugu hiyo ilipunguzwa mwaka 1979 katika mkutano wa Ermatingen, Uswisi, ilipokubaliwa kuwa ishara za seli nyeupe ziitwe intalukini na zipewe namba.

Iliyopewa namba 2 ndiyo yenye mkasa mkubwa. Mwaka 1976, huko Bethesda, Marekani, Doris Morgan na Francis Ruscetti, katika maabara ya Robert Gallo, walikuwa wakijaribu kuotesha seli za saratani ya damu. Walitumia maji ya limfositi zilizochokozwa kwa dawa ya mmea. Kilichoota hakikuwa saratani. Zilikuwa seli T za kawaida kabisa, nazo ziliendelea kugawanyika wiki hata wiki. Hapo kabla hakuna aliyewahi kuzidumisha hai kwa muda wa kutosha kuzichunguza. Wengine wangekasirika kwa kukosa walichokitafuta. Wao walielewa kwamba wamepata chakula cha seli T.

Miaka saba baadaye chakula hicho kikafungua mlango wa jambo zito. Januari 1983 kipande cha tezi ya limfu, iliyotolewa shingoni mwa mgonjwa mjini Paris, kilifikishwa Taasisi ya Pasteur. Mgonjwa alikuwa na mitoki mwili mzima na madaktari walihofia ugonjwa mpya uliokuwa umeanza kuua vijana. Watafiti wa hapo, akiwamo Françoise Barré-Sinoussi, walizitenganisha seli za tezi, wakazitia intalukini 2 ili ziote, wakaongeza kingamwili za kuizuia intaferoni, kwa kuwa waliogopa isije ikavifisha virusi kabla havijaonekana. Tazama jinsi elimu ya miaka 26 ilivyoingia ndani ya chupa moja: ishara ya kukuza ikaongezwa, ishara ya kuzuia ikaondolewa. Baada ya wiki mbili hivi dalili za virusi zikapanda, na wakati huohuo seli zikaanza kufa. Likaja wazo la kuzitia limfositi mpya kutoka kwa mchangiaji damu. Virusi vikahamia humo, vikaendelea. Vilikuwa VVU. Makala ilitoka Mei 1983, na mwaka 2008 Barré-Sinoussi na Luc Montagnier wakapewa Nobel. Bila kumjua mgonjwa yule wa Paris, kila mwenye kipimo cha VVU mkononi ana deni kwake.

Mwaka huohuo wa 1983, ng'ambo ya bahari, mtoto mmoja alikuwa akikaribia mwisho wa safari yake. David alizaliwa Houston, Texas, Septemba 1971. Kaka yake alikuwa amekufa akiwa mchanga kwa kukosa kinga, na madaktari waliwaambia wazazi kwamba mimba ikiwa ya mtoto wa kiume kuna uwezekano wa nusu kwa nusu wa ugonjwa kurudi. David alipozaliwa aliwekwa mara moja ndani ya chumba cha plastiki kilichosafishwa vijidudu vyote. Maziwa, maji, nepi na vitabu vilichemshwa au kutiwa dawa kabla ya kupitishwa kwake. Aliyetaka kumbeba aliingiza mikono katika glovu nene zilizoshonewa ukutani. Mpango ulikuwa wa muda mfupi, hadi apatikane mtu wa kumpa uloto unaolingana na wake. Hakupatikana, na muda mfupi ukawa miaka 12.

Oktoba 1983 madaktari walijaribu kumpa uloto wa dada yake, ingawa haukulingana sawasawa. Ndani ya uloto ule vilikuwamo virusi vya Epstein-Barr, vilivyolala bila kumdhuru mwenyewe, kama vilivyolala ndani ya wengi wetu. Kwetu seli T huvizuia visivuke mpaka. David hakuwa na seli T. Virusi vilizichochea seli B zigawanyike bila breki, na baada ya miezi michache akaanza kuumwa. Alitolewa nje ya plastiki Februari 1984, mama yake akaweza kumgusa bila glovu, na siku 15 baadaye akafariki. Mwili wake ulikuwa umejaa saratani ya limfositi. Virusi vilivyoonekana kwa mara ya kwanza ndani ya seli za mtoto wa Mulago vilimuua mtoto wa Houston, na kifo hicho kilikuwa ushahidi wa wazi kwamba vinaweza kumsababishia binadamu saratani.

Nini hasa kilikosekana mwilini mwake? Jibu lilitolewa mwaka 1993 na kundi la Warren Leonard huko Bethesda, nalo lilikuwa kitendawili. Watoto wa aina yake walikuwa na kasoro katika jeni iliyo kwenye kromosomu X, jeni ya sehemu moja ya kipokezi cha intalukini 2. Ndiyo maana ugonjwa hupitia kwa mama na kuwapata watoto wa kiume. Lakini watafiti wa Ujerumani walikuwa wameshatengeneza panya wasio na intalukini 2 kabisa, na panya wale walikuwa na seli T tele. Baadaye hata walionekana kuzidiwa na kinga yao wenyewe, matumbo yakiwashwa moto na seli zisizojua kusimama. Ingewezekanaje kukosa kipokezi kuwe kubaya kuliko kukosa ishara yenyewe?

Ufumbuzi ni kwamba kipande kile cha kipokezi si mali ya intalukini 2 peke yake. Kinatumiwa kwa pamoja na intalukini 4, 7, 9, 15 na 21. Kikiharibika, seli haisikii hata moja kati ya sita hizo. Inayoumiza zaidi ni ya 7, iliyogunduliwa mwaka 1988: hutolewa na seli za ukuta wa uloto na wa thaimasi, na seli T changa isipoipata hufa kabla ya kukomaa. Kwa hiyo thaimasi ya mtoto kama David ipo mahali pake, lakini ni tupu. Ndani ya seli nako kuna mnyororo: mkia wa kipokezi umeshikana na kimeng'enya kiitwacho JAK3, ishara ikifika kinaamka, kinaziamsha protini za STAT, nazo huingia kwenye kiini na kuwasha jeni. Mwaka 1995 wakapatikana watoto, safari hii wa kike na wa kiume, wenye vipokezi vizima lakini JAK3 mbovu. Ugonjwa wao ulikuwa uleule.

Kabla ya kuendelea nirudi nyuma miaka mitano, kwa sababu Afrika Mashariki iliguswa moja kwa moja. Mwaka 1990 Rais Daniel arap Moi wa Kenya alitangaza Kemron, dawa iliyofanyiwa utafiti na Taasisi ya Utafiti wa Tiba ya Kenya, KEMRI. Ilikuwa intaferoni, mbiu ileile ya Isaacs, kwa kipimo kidogo sana cha kuyeyusha mdomoni, na watafiti walidai kuwa wenye UKIMWI walipona dalili na hata baadhi wakaacha kuonyesha VVU katika vipimo. Nairobi ikajaa matumaini, na watu wakaja kutoka mbali. Nisingependa mtu yeyote awacheke wagonjwa wale. Walikuwa wanakufa na hapakuwa na kingine cha kushika. Lakini majaribio ya wale waliotoa madai hayakuwa na kundi la kulinganisha. Yalipofuata majaribio yaliyopangwa vema, likiwamo la Kampala lililoshirikisha wagonjwa zaidi ya 500, wengine wakipewa dawa na wengine kidonge kitupu bila wao wala madaktari kujua nani kapewa kipi, hakuna nafuu iliyoonekana. Matokeo ya Kampala yalichapishwa mwaka 1998. Intaferoni ni tiba ya kweli kwa baadhi ya maradhi, ikidungwa kwa kipimo kinachostahili. Kwa hili haikufaa kitu, na waliotuhakikishia hivyo ni watafiti wa kwetu wenyewe waliofanya kazi kwa uadilifu.

Mwaka 1994 ulileta mshangao ambao hata sasa naona haujapewa nafasi yake. Tangu 1968 ilijulikana kuwapo kwa saitokini moja, limfotoksini, sumu inayotolewa na limfositi na kuua seli nyingine katika chupa. Paul De Togni, David Chaplin na wenzao mjini St. Louis waliizima jeni yake katika panya, wakitarajia kuona kinga iliyopungua makali. Walipowapasua hawakuona tezi za limfu. Hazikuwa ndogo; hazikuwapo kabisa. Bandama ilikuwapo lakini seli B na T zilikuwa zimechanganyika ovyo ndani yake, wakati kwa kawaida kila kundi lina mtaa wake. Protini iliyopewa jina la kuua ilikuwa ndiye mjenzi. Kilichofuata kilieleza ujenzi wenyewe: mimba ikiwa bado changa, seli maalumu zinazohitaji intalukini 7 hufika mahali tezi itakapokuwa, zinazipa limfotoksini seli za hapo, na hizo hutoa saitokini nyingine za kuita limfositi. Panya mjamzito akizuiliwa ishara hiyo mapema, watoto wake hukosa tezi nyingi. Akizuiliwa siku za mwisho, hukosa chache. Siku ikipita haifidiwi.

Sasa mtoki wa kinenani unaelezeka. Mwiba unaingiza bakteria, seli za ngozini zinawameza na kusafiri na limfu zikiongozwa na saitokini hadi kwenye tezi iliyo karibu. Uvamizi ukiwa mkali, hasa wa virusi, intaferoni huzifungia limfositi mlango wa kutokea, hivyo zinazoingia ni nyingi kuliko zinazotoka. Zile chache zinazomtambua adui hugawanyika kwa intalukini 2. Tezi inajaa, inauma.

Elimu hii imeshakuwa tiba. Wagonjwa wa baridi yabisi wanatumia dawa zinazozuia saitokini, na vidonge vinavyozuia vimeng'enya vya JAK vimekuwapo kwa ajili yao tangu 2012. Hospitali ya Necker mjini Paris ilitangaza mwaka 2000 kwamba watoto wenye ugonjwa wa David walirudishiwa jeni nzima ndani ya uloto wao, wakapata seli T. Furaha ikachanganyika na msiba: wanne kati yao walipata saratani ya damu kwa sababu jeni iliangukia mahali pabaya, na mmoja akafa. Mbinu mpya zimerekebisha hilo. Na uloto wa ndugu anayelingana, ukipandikizwa kabla mtoto hajashambuliwa, huponya walio wengi.

Kujua mapema ndio uzito wote wa jambo. Tangu mwaka 2008, kwa kuanzia na jimbo la Wisconsin, Marekani huwapima watoto wachanga ugonjwa huu kwa tone la damu ya kisigino. Kwetu kipimo hicho si cha kawaida, na kuna hatari ya pekee: mtoto wetu hudungwa chanjo ya BCG akiwa na umri wa saa au siku chache. Chanjo hiyo ina bakteria hai waliodhoofishwa. Kwa mtoto mwenye kinga ni ngao, nayo isiachwe. Kwa asiye na seli T bakteria hao huenea mwili mzima. Mkunga au daktari anayempokea mtoto ambaye kaka yake, au mjomba wake upande wa mama, alikufa mchanga kwa maambukizi yasiyokoma, aulize kabla ya kushika sindano ya BCG, na aagize kipimo cha kawaida cha damu kinachopatikana katika hospitali ya wilaya. Mtoto mchanga mwenye limfositi chini ya 2,500 kwa kila mikrolita apewe rufaa siku hiyohiyo. Nawe msomaji, kama familia yako ina historia ya wavulana kufa hivyo, iseme kliniki bila kusubiri kuulizwa.